Nyaya Mbili, Mtaro Mmoja

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamke, miaka 46. Jina limo kwenye jalada.
Kazi: Mhandisi, mchoraji wa mitandao ya mawasiliano.
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya hospitali kuu, ghorofa ya tatu.
Yameandikwa: Jumatano, tarehe 14, saa tatu na nusu asubuhi.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Mwaka jana nilichora mtandao wa hospitali kuu, ili daktari bingwa amwone kwenye skrini mgonjwa aliye zahanati ya mbali, amwelekeze mkunga neno kwa neno, bila picha kukwama. Huduma ya namna hiyo haina subira. Kwa hiyo nilichora waya mmoja wa faiba upite kaskazini, mbele ya shule, na wa pili upite kusini, kandokando ya reli. Ukikatika mmoja, mwingine unabeba mzigo, na daktari hata hajui kama kuna kilichotokea.

Ofisini kwetu kuna desturi, na niliianzisha mimi. Mchoraji hasaini hati ya makabidhiano kabla ya kuitembea njia yote, mchoro mkononi, kutoka kifuniko cha kwanza cha shimo la nyaya hadi cha mwisho. Wenzangu wananiita Bi Kutembea. Najua wananicheka, na sijali.

Mnamo tarehe 3 mwezi uliopita, saa nne asubuhi, mkuu wangu wa idara aliniletea hati hiyo mezani. Wageni wa kufungua huduma walikuwa wanakuja kesho yake. Njia ya kaskazini nilikuwa nimeshaitembea, ya kusini bado. Nilimwomba siku moja. Akacheka: "Dada, wewe na miguu yako! Mchoro si umeuchora mwenyewe?" Nikasaini. Hakunishika mkono kwa nguvu.

Mnamo Jumatatu, tarehe 12 mwezi huu, saa nane na dakika ishirini mchana, bomba la maji lilipasuka mbele ya shule. Dereva wa tingatinga wa idara ya maji aliitwa achimbe haraka, maana maji yalikuwa yameanza kuingia madarasani. Saa tisa kasorobo skrini zote za hospitali zikazimika. Wakati huo huo, kule zahanati, mkunga alikuwa na mama ambaye mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Daktari alikuwa amefika katikati ya maelekezo. Mkunga ameniambia alibaki anaiambia skrini nyeusi, "Daktari, endelea." Mama yuko hai. Mtoto hakuwahi kulia.

Nilifika kwenye shimo saa kumi kasorobo. Niliona nyaya mbili zimekatika ndani ya mtaro mmoja, wa bluu na wa rangi ya machungwa, zimelaliana. Ule wa machungwa, wa njia ya kusini, ulitakiwa kuwa kilomita nne kutoka pale. Nikaenda relini, nikaitembea njia ya kusini ambayo sikuitembea siku ile. Hakuna mtaro, hakuna kifuniko hata kimoja, ni nyasi na mwamba. Wachimbaji waliukuta mwamba wakarudi, wakaulaza waya wa pili juu ya wa kwanza, na mtu akawaruhusu.

Jana, saa mbili asubuhi, mkuu wangu aliniambia: "Dereva ameshakamatwa, dada. Funika kombe mwanaharamu apite." Nilimjibu kwamba kombe hili silifuniki mimi.

Mnamshikilia dereva kwa kuhujumu mtandao. Afande, tingatinga kukata waya ni jambo la kila wiki! Ndiyo maana tunachora njia mbili. Kama kusini kungekuwa na waya, yule bwana angekata mmoja, sisi tungetuma fundi, naye angerudi kwake akale na wanawe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtandao unaokufa kwa pigo moja la kijiko cha chuma ulikuwa mbovu kabla yeye hajawasha injini.

Umeniuliza kama naelewa kwamba najitia kitanzi mwenyewe. Naelewa. Umeniuliza kama tuandike "nilipotoshwa". Usiandike. Mkuu wangu ana lake la kujibu, mwiteni alijibu. Lakini sahihi ni yangu. Siku ile nilikuwa na miguu miwili mizima na mchana kutwa mbele yangu, nikakaa kitini. Neno hilo naomba lisipambwe.

Nimesomewa yote niliyosema. Ni yangu, sipunguzi wala siongezi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari mwandishi: Shahidi alisomewa maelezo yake saa tano kamili asubuhi na kupewa kalamu. Alikataa kusaini. Alisema hasaini tena kitu ambacho hakijatembewa, akanitaka twende naye. Tulianzia kwenye shimo mbele ya shule, nikaziona nyaya mbili. Kisha tukaitembea njia ya kusini kando ya reli, mwanzo hadi mwisho, kwa miguu. Sikuona mtaro wala kifuniko. Tulirudi kituoni saa nane kasoro dakika kumi. Shahidi alikaa, akavua viatu, ndipo akaomba kalamu.