Kikohozi Kwenye Banda la Mwisho

Mshauri, shikamoo. Naomba uisome hii leo leo kwenye kipindi, maana nakuandikia nimejifungia stoo ya chakula cha mbwa, mume wangu ananiita huko uani, na kesho asubuhi nitakuwa nimechelewa.

Kazi yangu ni kulea mbwa wa watu wakisafiri, nina mabanda nyuma ya nyumba, na sharti langu ni moja tu, mbwa asiye na chanjo ya kikohozi cha mabandani haingii, kwa sababu akiugua mmoja wanaambukizana wote, na sharti hilo kila mtu analikubali isipokuwa mama mkwe wangu, ambaye ana mbwa aliyeachiwa na marehemu baba mkwe, tunamwita Mzee, na aliposikia kwamba chanjo yenyewe hutiwa puani akasema, "Mbwa mzima ni pua. Mkishamharibia pua mtanirudishia nini, mkia?" nami nikamwambia sawa mama, lakini kwangu hatalala, akanuna, akaondoka, nikadhani yameisha. Kumbe mama alipopata safari, mume wangu alimwendea kinyemela, akamchukua Mzee akamweka banda la mwisho, na nilipomkuta Mzee pale, mume akaniambia eti kashachanjwa, nikaamini, kwani ningemdai cheti mume wangu?

Leo asubuhi Mzee amekohoa, kile kikohozi kikavu kama cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, mume akasema ni mfupa, nikamwambia basi alete cheti, ndipo akakiri kwamba chanjo hakuna, alishindwa kumkatalia mama yake, na tukiwa bado tunabishana mbwa wa mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, naye akakohoa, mara moja tu, lakini nilimsikia. Kesho mwalimu anakuja kumchukua, na nyumbani kwake kuna watoto wa mbwa ambao hata macho hawajafumbua. Mume ananisihi ninyamaze, anasema mbwa wa mwalimu ana chanjo hatadhurika, na nikitangaza nitamvua nguo mama mbele ya watu na biashara itakufa, na mama mwenyewe hupiga simu kila jioni asikie Mzee akibweka, jana mume kamwambia amelala, na sasa naelewa kwa nini. Nampenda mume wangu, lakini nina hasira naye. Nifanye nini?

JIBU

Mwanangu, toka stoo.

Pole. Umedanganywa na mtu unayelala naye kitanda kimoja, na hilo linauma. Lakini nami nitakuuma kidogo: ulisikia kikohozi asubuhi, sasa ni mchana, na simu uliyotumia kuniandikia mimi ndiyo hiyo hiyo yenye namba ya mwalimu. Unangoja ruhusa ya nani?

Nimemuuliza daktari wa mifugo kabla ya kuingia hewani. Anasema chanjo humpunguzia mbwa makali ya ugonjwa, haimzuii kabisa kuugua wala kuambukiza, na kwa watoto wachanga kikohozi hicho kinaweza kushuka hadi mapafuni. Kwa hiyo mumeo asijifiche nyuma ya chanjo ya mbwa wa watu. Mpigie mwalimu sasa hivi, mweleze yote, umwombe mbwa wake abaki kwako mpaka daktari aseme yuko salama. Kisha wapigie wengine, na mbwa mpya usipokee. Mzee mtoeni pale, akae chumba cha peke yake, daktari amwone leo, maana umri wake hauchezewi. Atakayemhudumia ni mumeo na si mwingine, na anawe mikono na kubadili nguo kabla ya kugusa bakuli lolote lile.

Unaogopa biashara kufa. Mteja uliyempigia mwenyewe anaweza kurudi. Atakayezika watoto wa mbwa halafu agundue ulijua, huyo hatarudi, na hutakuwa na la kumjibu. Ya ndoa mtayazungumza mabanda yakitulia, na yazungumzwe kweli, si kununiana.

Mama mkwe usimwandalie hotuba. Jioni akipiga, mumeo ndiye apokee, na asiseme amelala. Aichukue simu mpaka alipo Mzee, aiweke karibu na mdomo wake, anyamaze. Mama aliomba kusikia sauti ya mbwa wake. Asikie aliyonayo leo.