Msonobari Usiopandwa na Mtu

Mwalimu wangu Aboud,

Salamu zikufikie hapo mchangani ulipolala. Usinijibu, ukinijibu nitakimbia.

Miaka mitatu tangu ututoke, nduguyo Bwana Athmani ameikata misonobari yako miwili. Anataka kujenga vyumba vya wageni. Sikumzuia. Miche uliileta mwenyewe, ukaipanda nyuma ya nyumba hapa Shela, na kwa desturi yetu mti ni wa aliyeupanda, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Ulipokufa wewe, ikawa ya warithi wako. Tena kisima kimeingia chumvi, na misonobari hiyo ilishaanza kukauka.

Kisha akauendea wa tatu, ule uliojiotea karibu na birika. Unakumbuka tulivyobishana? Mimi, mfagiaji wa ua wako, nilisema huu haufanani na wowote kati ya ile miwili. Mmoja ulitoa majani yake ya sindano mbili mbili katika kifundo, mwenzake tatu tatu. Ukanipa tasbihi yako, ukaniamuru nihesabu vifundo tisini na tisa. Nikakuta mbili na tatu, kwenye tawi moja. Ukacheka mpaka ukakohoa.

"Upepo umeioza bila kadhi," ukasema. Ukanieleza kuwa huko misituni ulikofanya kazi, misonobari ya koo zilizo karibu ikimwaga chavua wakati mmoja huchanganyika yenyewe, wala haiombi ruhusa kwa mtu.

Watu wakauita mwanaharamu. Nduguyo husema ni mti mgonjwa, haujui uwe nini. Basi mgonjwa huyo ndiye pekee anayekunywa maji ya chumvi na kurefuka.

Nilikaa chini yake, Mwalimu, ufagio mapajani.

"Bi Zena, hukuupanda wewe," nduguyo akaniambia.

"Wala wewe," nikasema. "Wala marehemu."

Nikamkumbusha neno lako: usiopandwa na mtu ni wa aliyeutia mai. Na maji nimeyachota mimi, ndoo kwa ndoo, mgongo ninao wa kushuhudia. Akaenda kuwauliza wazee. Wazee bado wanashauriana. Kahawa imekwisha mara mbili.

Sasa nikwambie asilolijua. Mwaka ule ulipotutoka niliokota matunda magumu ya mti huu, nikayaanika yakafunguka, mbegu nikazipeleka kwa mama yangu, kijijini Chundwa. Zimeota kumi na saba. Miche mingine ina sindano mbili, mingine tatu, mingine zote, na mmoja umepinda kama nduguyo akisikia jambo asilolipenda. Hakuna unaofanana na mwenzake. Nimeipanda kwa mkono wangu, mchana kweupe, mbele ya wanawake watatu.

Kwa hiyo wazee waamue watakavyo. Mti wa birika nitaukalia mpaka waniondoe na ufagio wangu. Wakiuondoa, ile kumi na saba ina mwenyewe, na desturi ni yao wenyewe.

Lala, Mwalimu. Tasbihi sikurudishii. Kila mwaka nitaihesabu miti hiyo, vifundo tisini na tisa kila mmoja, na kila nikimaliza nitakusomea Fatiha.

Mwanafunzi wako,
Zena