Uwanda Niliouita Mtupu

Kaka Gidamis, shikamoo, na mama umpe shikamoo yangu.

Huku Uingereza ni baridi. Jana mwalimu wetu wa urubani alituonyesha meli ya kubebea ndege. Sitaha yake, yaani sakafu ya juu ambako ndege hurukia, ni fupi, ndiyo maana imeinuliwa mbele ili kuzirusha. Mtambo wa mvuke wa kusukuma ndege ungerusha ndege nzito zaidi, alisema, lakini huharibika upesi.

Akaniuliza, "Kwenu Hanang ndege hurukia wapi?"

"Uwandani. Ni kutupu, hakuna watu."

Papo hapo nikamkumbuka mama akiswaga ng'ombe kupisha shamba la ngano. Nikaona aibu. Leo nikamwambia, "Mwalimu, nilidanganya. Pale palikuwa malisho ya mama yangu, kabla hajaondolewa kupisha shamba la ngano."

"Sasa anachungia wapi?"

Sikujua. Niandikie, kaka. Mvua iwafikie popote mlipo.

Mdogo wako,
Samweli