Watu Wetu wa Mezani

Izia,
S.L.P. 217,
Sumbawanga.
11 Agosti 1996

Mpendwa kaka Zenon,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Mtwara, wewe, wifi Cornelia na mtoto Timoth, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni kali. Upepo unaanza asubuhi na hauchoki, na mama analala amevaa soksi za baba. Shangazi Edith, mama yako, ni mzima. Mguu unamsumbua akipanda mwinuko wa kanisani, lakini ulimi ni ule ule. Juzi tu amemwambia baba kwamba amekonda kama fimbo ya katekista. Anasema usimtumie kitenge kingine, utume picha ya mjukuu.

Telegramu niliyokupigia ilikuwa na maneno mawili tu: Enock amepatikana. Nilisimama mbele ya karani wa posta nikitaka kuongeza "mzima", nikaanza kuhesabu sarafu, nikalisahau. Naliandika sasa. Mzima. Amekonda, ana ndevu, na hivi ninavyoandika yuko uani anapasua kuni huku akipiga mluzi. Mama hajamkataza hata mara moja, yeye ambaye zamani alituambia mluzi unaita nyoka.

Nataka nikueleze alivyopatikana, maana bila wewe asingepatikana. Najua wifi Cornelia naye huzisoma barua hizi, kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo, asije akadhani ameolewa kwenye ukoo wa vichaa.

Wifi, mumeo alipokuwa sekondari Tabora alifundishwa hesabu na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Mwalimu yule alipomaliza mkataba wake alimwachia kopo la dadu. Hazikuwa dadu hizi za pande sita. Ilikuwepo ya pande nne, ya nane, ya kumi na mbili, na moja ya bluu yenye pande ishirini, ambayo haikukubali kutulia mpaka ifike ukingoni mwa meza. Likizo ilipofika Zenon akaja nazo hapa Izia, akatukalisha kwenye meza ya shangazi: mimi, mdogo wangu Enock, na Scola jirani yetu. Kila mmoja akajitungia mtu mwenye jina, kazi, nguvu zake na woga wake. Zenon alikuwa msimulizi. Yeye anasema mmefika kwenye mto uliofurika, mnafanyaje? Wewe unajibu mtu wako anafanya nini, na pale pasipo na hakika unarusha dadu. Ndio mchezo wote. Haukuwa na mshindi, na kwa sababu hiyo Scola alinuna siku ya kwanza nzima.

Tuliucheza likizo hadi likizo. Shangazi alikuwa anapita na sufuria yake akituuliza, "Mmeshafika huko mnakokwenda, au niwafungashie ugali?"

Kaka, mwaka huu nimewafikiria watu wale kuliko nilivyowafikiria tulipokuwa nao. Scola, hata abadili jina mara ngapi, mtu wake alikuwa yule yule Mama Faida, mfanyabiashara wa kelele ambaye hakuna lango lililomshinda kwa maneno. Mimi nilikuwa na Perpetua aliyetoroka utawani na panga ndani ya shuka, kisha yule mlinzi asiyesema, na wa mwisho Hana-Jina, ambaye hakuwahi kuwaambia wenzake kwao ni wapi. Nilidhani ni watatu. Nikiwatazama sasa naona ni mmoja. Tukifika nyumba ngeni, wenzake wanasogea motoni, mtu wangu anasema, "Mimi nitalinda," anabaki mlangoni. Hukunicheka kwa hilo, ingawa najua uliona.

Na Enock je? Mchimba visima, mbeba chumvi, mpiga ngoma aliyefukuzwa na mfalme. Kabla ya kila safari ulituambia tuchague kitu kimoja cha kubeba. Scola shanga, mimi panga, Enock kamba. Kila mara kamba. Siku moja ulimpa bunduki bure, akaikataa.

"Mtu akitumbukia, utamtoa na bunduki?"

"Mwacheni," Scola akasema. "Huyu ataoa kamba."

Unakumbuka tulipoishia? Hana-Jina alikuwa ametumbukia kwenye shimo, mpiga ngoma wa Enock amemtupia kamba, nawe ukasema haya, rusha. Mara honi ikalia nje. Lori la Mbeya lilikuwa limewahi, nawe ulikuwa unakwenda chuoni. Ukakimbia na begi, ukaziacha dadu mezani. Enock hakurusha. Nilizitia kwenye kopo nikazitunza, na tangu siku hiyo mtu wangu ananing'inia.

Nirudi kwa Enock mwenyewe. Unayoyajua ni yale niliyokuandikia mwaka jana: kwamba baba alimtuma Ilemba, kule bonde la Rukwa, na ng'ombe wetu wawili wa jembe, Dola na Shilingi, akalime mpunga pamoja na mzee Masunga, yule Msukuma rafiki wa baba, kwamba Dola alizama kwenye tope la mto wakati wa mvua, na kwamba kulipokucha Enock hakuwepo.

Baba alimtafuta Tunduma, akamtafuta Mbeya, maana siku hizi kijana akipotea kila mtu anasema yuko mpakani anauza redio. Tulitangaza redioni. Halafu ndugu wakaanza yale maneno. Kijana hapotei kwa ajili ya ng'ombe, walisema. Kuna mtu. Twendeni kwa mganga atutajie. Baba alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akanyamaza. Mama akaanza kuwatazama majirani. Mama Felisian, mkunga aliyewazalisha nusu ya akina mama wa mtaa huu, alituletea maharage, na mama aliyapokea akayamwaga nyuma ya nyumba. Nilimwona. Kaka, hilo liliniogopesha kuliko kupotea kwenyewe. Nilijua tukiendelea hivyo tutampoteza Enock na tutampoteza mama pia, na mtu mmoja asiye na kosa ataharibiwa kwa ajili yetu.

Mwezi wa sita mzee Masunga alipanda kutoka bondeni kuja kutusalimu. Alikunywa togwa, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Isdori, mwanao hakuumwa na ng'ombe. Ng'ombe hufa. Mimi nimezika ng'ombe wengi kuliko watu. Kilichomuuma ni kamba. Aliisokota mwenyewe, ya katani, nzuri kabisa. Tulimfunga yule ng'ombe, tukavuta kijiji kizima, kichwa na kifua vikatoka. Ikakatika. Alikaa na kile kipande mkononi mpaka tukamwondoa pale kwa nguvu."

Baba akatikisa kichwa tu. Lakini mimi nilisimama na kikombe mkononi. Sisi sote tulikuwa tunamtafuta kijana aliyepoteza ng'ombe, na kijana huyo anakimbilia mbali na baba yake. Huyu alikuwa mtu mwingine, ambaye kamba yake imekatika, naye nilikuwa namfahamu. Nimekaa naye meza moja. Watu wa Enock wakishindwa jambo hawakimbii. Wanakwenda kumtafuta anayelijua. Unakumbuka ngoma ilipopasuka, alivyotuzungusha nchi nzima tukitafuta mwamba ngoma, na yule mfalme aliyemfukuza hata hamkumbuki tena?

Huku kwetu hatuishi kwa kamba. Wanaoishi kwa kamba ni wavuvi. Kambi za Ziwa Rukwa mzee Masunga alikwisha kuziulizia zote. Likabaki ziwa lile lingine, Tanganyika, na dagaa wa sokoni kwetu wanatoka Wampembe. Nikasema nakwenda Wampembe.

"Umeota?" baba akaniuliza.

Nikamwambia sikuota, ni ule mchezo wa mezani. Nadhani angependelea niseme nimeota. Ni shangazi Edith aliyeniokoa. "Isdori, mganga ulikuwa tayari kumpa mbuzi. Huyu anaomba nauli tu."

Unanijua, kaka. Mimi ni mtu wa kuazima chumvi kwa kumtuma mtoto. Ndani ya lori la wachuuzi wa dagaa, tukishuka ule mteremko na ziwa limetanda chini, nilielewa kwamba nitalazimika kusimama mbele ya watu nisiowajua na kuuliza. Perpetua asingeweza. Hana-Jina ndiyo kabisa. Basi nikamwazima Mama Faida wa Scola. Nilimvaa kama koti. Nilianza kwa kumwambia dereva kwamba lori lake linakohoa kuliko babu yangu, na wale wachuuzi wakacheka, wakanipisha nikae vizuri. Sikuamini kwamba sauti ile ni yangu.

Ufukweni sikulitaja jina la Enock. Baba alikuwa amelitaja kila mahali bila faida. Niliwaendea wanawake waliokuwa wanageuza dagaa mchangani, nikasema natafuta kijana anayependa kamba.

"Dada, huku kila mwanamume ana kamba," mmoja akanijibu. "Wa kwako ni mrefu au mfupi?"

Walicheka mpaka wakashika viuno. Nikawaambia wa kwangu ni mwembamba, na ukimwambia achague zawadi yoyote duniani atachagua kamba. Hapo mmoja wao, Hellena, akaacha kucheka.

"Si Kafundo huyo? Aliyewafundisha watoto mafundo, wakamfunga mbuzi wangu mpaka ikabidi nimwite aje amfungue?"

Alikuwa ameketi kando ya mtumbwi uliofudikizwa, anaunganisha kamba ya nailoni, nyuzi tatu tatu zikipishana. Aliniona. Hakusimama.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wewe? Umeongea na watu?"

Ndipo nikalia, kaka, naye akalia, na mzee Adolfu, mwenye mtumbwi, akaenda kutazama nyavu ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Aliniambia, "Ng'ombe ningefanya kazi nikamlipa, Fortu. Lakini ile kamba ilikuwa yangu." Sikumjibu kwamba ng'ombe yule alikuwa mzito, wala kwamba tope lina nguvu kuliko katani. Nilimwomba anionyeshe anachokifanya. Alinionyesha mpaka jua likapungua, nami nikajaribu, nikakosea, akanirudisha mwanzo kwa ukali kama mwalimu. Kesho yake alikubali kurudi nami.

Jambo moja nakuambia wewe, na mama asilijue. Alipotoka bondeni alipita hapa Sumbawanga. Alimwona mama sokoni akichambua maharage, akajificha nyuma ya lori mpaka alipoondoka.

Tulipofika nyumbani baba alikuwa mlangoni. Siku zote nilikuwa naiogopa saa hiyo. Enock akapiga goti akamwamkia, akaanza, "Baba, Dola..." Baba akamkatiza.

"Nchi nzima inahangaika na shilingi, na sisi tumebaki na Shilingi. Kwa nini tujione tofauti? Ingia ule."

Mama alimshika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo kuona kama amenawa. Kulipokucha alisaga ulezi, akajaza ungo, akaupeleka mwenyewe kwa mama Felisian. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na ungo una mayai. Tangu siku hiyo nimelala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Hata upepo huu sasa nausikia kama upepo tu.

Mzee Masunga ameleta habari kwamba ana ndama dume ambaye atatukopesha, akue huku akimzoea Shilingi. Enock amekwisha kumsukia hatamu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nililitoa kopo nikaliweka kwenye meza ya shangazi. Scola alikuja na mtoto wake mgongoni. Enock aliichukua ile ya bluu, akaizungusha kiganjani.

"Tulikuwa tumefikia wapi?"

"Niko shimoni," nikamwambia. "Kamba ni yako."

"Rusha basi, mtoto ataamka," Scola akasema.

Aliitazama dadu ile kwa muda. Nilijua anachokiona; nilikuwa nakiona nami, tope na kipande cha katani. Kisha akairudisha kwenye kopo, akafunika.

"Hii hairushwi. Namvuta."

Akavuta, kaka, mkono mmoja mbele ya mwingine, hewani, polepole, mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Scola hakucheka. Shangazi akapita na sufuria.

"Mmefika?"

"Tumefika, shangazi," nikasema.

Najua kanuni ni zako, na hukuwepo. Nakuomba ukubali hivyo hivyo. Hana-Jina ametoka. Alipofika juu hakwenda mlangoni. Alikwenda akakaa motoni na wenzake.

Baba na mama wanakusalimu, na shangazi Edith, na Scola, na mzee Masunga ambaye bado anauliza kama huko Mtwara kuna majani ya ng'ombe. Mbusu Timoth. Enock ameweka kipande cha kamba chenye fundo ndani ya bahasha. Anasema mtoto akiweza kulifungua atakuwa wa ukoo wetu, na wifi Cornelia akiweza, ni zaidi ya ukoo. Mungu aliyemtunza Enock mahali ambapo hatukujua kumwombea awatunze nanyi, awape usingizi mzuri na watu wa kukaa nao motoni.

Wako akupendaye,
Fortunata