Mizani ya Saa Nane

Jumatatu, 4 Novemba

Lori limerudi kutoka Kahama na unga wetu. Wote! Mteja kafungua viroba vitatu, akanusa, akakataa kushusha. Nimenusa na mimi. Unanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Miaka mitatu nasimamia hiki kiwanda cha muhogo hapa Kibondo, hatujawahi kurudishiwa mzigo.

Mzee Dadi, mwenye kiwanda, kapiga simu kutoka dukani kwake Kasulu. Hakupandisha sauti. Bora angepandisha. Kasema wanawake wangu wa kumenya wamelala, na mzigo ujao ukirudi atabakiza tisa kati ya kumi na wanane. Nichague mwenyewe wa kuondoka.

Nikamwomba nafasi nizungumze nao kwanza. Nikasema nitawashirikisha — neno la semina. Akajibu: washirikishe, ila unga ukauke.

Jumanne, 5 Novemba

Kikao. Nimesimama mbele, wao wamekaa kwenye viroba vitupu. Nikauliza: tatizo liko wapi, semeni kwa uhuru. Kimya. Nikauliza tena. Evaristi, fundi wa mashine ya kukatia muhogo, akapiga miayo. Mwishowe Mama Nizigiyimana, mkubwa wao kwa umri, akasema wanashukuru kwa kazi.

Ndiyo hivyo tu. Dakika arobaini.

Nimeweka ndoo yenye mfuniko mlangoni. Maoni. Si lazima kuandika jina.

Alhamisi, 7 Novemba

Ndoo imetoa karatasi moja. Imeandikwa "Asante madam." Nilijisikia mjinga. Nusu yao kuandika kwenyewe shida, na mimi nawapa ndoo.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo nimechukua kisu, nikakaa kumenya nao. Ofisini hakuna aliyenihitaji, na ripoti ingoje. Dakika kumi nimejikata kidole gumba. Wakacheka! Akimana, yule binti mwembamba mwenye mdomo, kanifunga kitambaa huku akinisema kwa Kiha, akidhani sisikii. Mimi mtu wa Kasanda, Kiha ndicho nilichokulia! Nikamjibu kwa Kiha. Wakapiga kelele wote. Miaka mitatu nimewasemesha Kiswahili tu, eti kazini ni kazini.

Basi maneno yakaanza kutoka. Waume, mbegu, mvua. Halafu Akimana akasema, kama anasimulia la jirani: muhogo unaotoka Murungu unafika saa tatu asubuhi, unalala pale chini hadi saa nane kusubiri mizani, ndipo umenywe. Ukifika kwenye chanja za kuanikia, jua limekwisha. Unafunikwa turubai ukiwa mbichi.

Nikauliza, nani kasema usubiri saa nane?

Visu vikaongeza kasi.

Ni mimi. Mimi ndiye niliyetaka mzigo wote upimwe kwa mpigo, ripoti iwe na mstari mmoja safi. Zamani muhogo ulikuwa mchache, haikudhuru. Tangu Agosti magunia yameongezeka mara mbili na mimi sikubadili kitu.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa na Irakoze kichwani.

Mwezi wa tisa Irakoze, aliyekuwa mmenyaji hapa, alinifuata ofisini kuniambia hilihili. Alisema mizani ya saa nane inaharibu muhogo. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia arudi kwenye kisu chake. Akasema tena, mbele ya wenzake. Kwenye orodha ya vibarua ya kila mwezi niliyompelekea Mzee Dadi nikaandika mbele ya jina lake: mbishi. Mwezi uliofuata hakuitwa kazini.

Nilikuwa najiambia ni Mzee aliyemwondoa. Mkono ulioandika ni wangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Wakati wa uji nimemfuata Mama Nizigiyimana. Nikamuuliza: mbona mlijua na hamkusema? Akanitazama kwa huruma, kama ninayeuliza njia ya kwangu.

Akasema wao waliona alichopata aliyesema. Na yeye ameingia nchi hii mtoto mkimbizi, mwaka sabini na mbili, uraia kaupata akiwa na wajukuu. Katikati hapo alichojifunza vizuri ni kutoonekana. "Ukitaka tuseme, madam, mrudishe Irakoze. La sivyo utakaa na ndoo yako."

Jumanne, 12 Novemba

Bodaboda hadi Murungu, tope hadi magotini. Irakoze alikuwa anapalilia maharage. Hakuacha jembe. Nikamwambia nataka arudi. Akauliza ni Mzee Dadi kanituma? Nikasema hapana, hajui. Akauliza, basi ukikatazwa? Nikasema sijui.

Hapo ndipo akasimama. Akasema angalau hilo ni kweli.

Sharti lake moja: niseme mbele ya wote nilichoandika. Si ofisini. Si kwa barua. Nikamwambia sawa. Njiani kurudi nilitamani bodaboda ipate pancha nisifike kesho.

Jumatano, 13 Novemba

Nimesema.

Maneno machache: niliandika Irakoze ni mbishi, haikuwa kweli, alikuwa sahihi, mimi sikutaka kusikia. Kwa Kiha, nisije nikajificha nyuma ya Kiswahili cha ripoti. Irakoze kaitikia kwa kichwa, akavuta kigoda, akachukua kisu.

Halafu wakaongea wote kwa pamoja! Nilishindwa kuandika. Chanja za upande wa ukuta hazipati upepo. Turubai mbili zinavuja. Na mimi huwa nafoka asubuhi kabla sijasalimia — hilo walilisema watatu. Nikameza.

Irakoze kapendekeza kila gunia lipimwe linapofika, wawili wakishika mizani kwa zamu. Evaristi akapinga. Mashine ataiwasha mara ngapi kwa siku, mafuta yanatoka wapi? Akimana akamjibu aiwashe mara moja, saa tano, muhogo wote ukiwa umeshamenywa. Evaristi akafikiri. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza saa ya kuwasha.

Tumekubaliana kujaribu. Sijamwambia Mzee. Najua ningesubiri ruhusa ningepewa hapana.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua kubwa saa kumi. Lakini makopa, vile vipande vya muhogo, yalikuwa juani tangu saa sita, na yalishaanza kukauka kabla ya kufunikwa. Jana mambo yalivurugika: Akimana alisahau kuandika magunia ya mkulima mmoja, mkulima kafoka hadi njiani. Nilitaka kumnyang'anya daftari. Irakoze akaniwahi: mwache alisawazishe mwenyewe. Kalisawazisha.

Evaristi kahamisha chanja za ukutani bila kuagizwa na mtu.

Jumatatu, 18 Novemba

Mzee Dadi kajua. Dereva wa lori kamwambia wamenyaji ndio wanaoshika mizani. Simu saa mbili asubuhi: nani kawapa mizani yangu? Irakoze anafanya nini pale? Anakuja Jumatano.

Nawaza. Nikisema mpango ni wangu, pengine atapoa, ananiamini. Lakini wao watarudi kuwa mikono tu. Nikisema ni wao, atanifukuza mimi na Irakoze siku moja. Nina ada ya mtoto Kasulu sekondari. Sitaki kujifanya shujaa.

Jumanne, 19 Novemba

Nimewaeleza yote. Hata la tisa kati ya kumi na wanane, ambalo nilikuwa nimewaficha. Akimana macho yalimjaa maji. Nikasema nitamweleza Mzee mimi, wasiogope.

Irakoze akasema hapana. Umeshatusemea vya kutosha, madam.

Iliniuma. Bado inauma.

Jumatano, 20 Novemba

Kaja. Naandika haraka, nimeingia ofisini kuchukua daftari la mapokezi, dirisha liko wazi, naona wote.

Alishuka, akasalimia vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye mizani. Akaniita nieleze. Nikasema, Mzee, waulize wao. Akasema anamuuliza yule anayemlipa kueleza. Nikarudia: waulize wao, Mzee, shikamoo tena — sijui hata shikamoo ya pili niliitoa wapi!

Hakuna aliyeinuka. Nikajua tumekwisha.

Halafu Mama Nizigiyimana kajifuta mikono kwenye kitenge. Kaenda kwenye gunia la makopa, kachukua kipande kimoja, kampelekea. Kwa kile Kiswahili chake cha kupima neno neno: "Nusa, Mzee." Kanusa. Kakigeuza. Kanusa tena. Uso hauonyeshi kitu.

Sasa kauliza, nani aliyeanza haya. Amekunja mikono.

Irakoze kasimama. Anaeleza habari ya saa tatu na saa nane. Mzee anamkatiza.

Irakoze anaendelea. Na Akimana naye kasimama.