Miguu Kumi Kwenye Dimbwi la Barabara ya Kibombo

Papa Ilunga,

Mvua kubwa mbili zimenyesha tangu tukuzike. Dimbwi letu la barabara ya Kibombo, lile shimo walimochimba udongo wa kujengea barabara, limejaa mpaka ukingoni. Ndege wako wa vidole virefu wamerudi kutembea juu ya majani ya yungiyungi. Malori ya mpunga yanapita vilevile, mengi, kwa mwendo uleule.

Nakuandikia kwa sababu gazetini niliandika uongo. Mistari minne tu: sitwayeni, yaani raia, Ilunga, mstaafu wa reli, amegongwa na lori akivuka barabara. Hukuvuka. Ulikuwa umesimama kando, umeipa barabara mgongo, unaangalia maji.

Sheria uliiweka wewe, mtu wa bendera na taa za treni: mmoja aangalie ndege, mwingine aangalie barabara na kupiga kelele gari likikaribia. Barabara ilikuwa kazi yangu. Ndege sikuwajali; nilikuja kwa ajili ya maneno yako. Uliponiambia kwamba dume hubeba vifaranga chini ya mabawa, nilicheka. Ukanijibu, "Weye mwandishi, mpaka ndege akuletee karatasi ya muhuri!"

Jumapili ile ya mwisho ukamwona dume mwenye vifaranga. "Njo yeye! Angalia!" Nikakuomba darubini, nikateremka hadi kwenye tope. Ukaniuliza kwa nyuma, "Na barabara iko na nani?"

"Iko na mimi."

Hukugeuka kuhakikisha. Uliniamini.

Nikahesabu miguu. Miwili mirefu ya baba, na mingine midogo ikining'inia chini ya mabawa. Kumi. Nikahesabu tena, kama nilivyozoea kazini. Lori lilikuwa linakwepa baiskeli. Nililisikia, Papa. Nilidhani litapita. Sikupiga kelele.

Mama Mujinga, mke wako, ameikata habari yangu gazetini na kuiweka ndani ya Biblia. Kila nikifika kwenu Alunguli ananiuliza, "Yeye aliyekataza wajukuu kukanyaga barabara, alivuka akifuata nini?" Juzi alisema pengine ulikuwa umechoka kuishi. Nikamaliza chai yake, nikaaga.

Hilo sikubali alibebe. Kesho akitoka misa nitamwambia yote: ulikuwa unacheka, kwa sababu hatimaye nimeona, na aliyetakiwa kuangalia barabara ni mimi. Darubini yako nitaiweka mikononi mwake. Akinifukuza, nitatoka. Kisha nitampelekea mhariri masahihisho, yenye jina langu chini.

Dimbwini bado ninakwenda. Ninakaa pale uliposimama, nimeyapa maji mgongo.

Pumzika, Papa. Angalia ndege wako. Barabara iko na mimi.