Mji Usiohitaji Friji

Jumatatu, 3 Februari

Joto la leo si la kawaida. Pale bekari ukifungua tanuri ukalifunga tena, huoni tofauti.

Tajiri, mama mwenye bekari, kaniita ofisini. Nikajua nimeunguza kitu! Kumbe sivyo. Anafungua bekari ya pili kule mji wa juu, kwenye baridi, na anataka niende nikawe mkuu wa unga. Mshahara karibu mara mbili. Eti mkono wangu unajua unga, wengine wanabahatisha. Nikasema alhamdulillahi, mama, lakini nina mume. Akacheka. Mume si mti, akasema, anahamishika. Niende kwanza nijaribu wiki ijayo, kisha nimpe jibu Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Nisipotoa jibu, atamchukua mwingine.

Nimerudi nyumbani roho juu juu. Fundi hayupo, kaitwa kwenye bucha, friza limezima na nyama imo ndani. Nimwambieje? Mume wangu anatengeneza friji na viyoyozi. Maisha yetu yote yanategemea watu kuona joto. Na kule juu joto hakuna!

Jumatano, 5 Februari

Nimemwambia. Alikuwa kakaa sakafuni na kompresa ya friji mapajani kama mtoto. Kacheka kwanza. Kasema, bibie, nani atanunua baridi mahali ambapo ya bure inaingia dirishani? Nami nikacheka. Halafu kicheko kikamwisha, changu kikabaki kinaning'inia peke yake. Kauliza mshahara. Nikamtajia. Akakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Binti yetu, Kasuku wa nyumba hii, ndiye kaamua tayari. Mama twende! Atavaa buti. Atalala na blanketi mbili. Hatatoka upele wa joto tena. Baba yake kamwuliza, na mimi je? Kasema, baba wewe utapumzika! Yaa Rabbi. Mtoto hana nia mbaya, lakini neno lilitua pale katikati ya meza na hakuna aliyeligusa.

Ijumaa, 7 Februari

Moyo hautulii. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Napima huku na huku. Hapa: feni mbili usiku kucha na umeme unakimbia kama unafukuzwa. Maji ya kununua. Maziwa ya asubuhi mchana yameshaganda. Kodi inapanda kila mwenye nyumba akiota vibaya.

Kule: vyumba viwili tutapewa na tajiri, kodi nusu ya hapa. Kabichi, viazi, karoti, wifi yangu anasema unabeba mpaka unaona haya. (Wifi ni dada yake Fundi, kaolewa kule siku nyingi.) Lakini mkaa! Gesi ya kuchemshia maji ya kuoga! Soksi! Na nguo hazikauki, anasema, unafua Jumamosi unavaa Jumatano. Kwa hiyo Kasuku atahitaji sare tatu badala ya mbili. Nani angefikiria kwamba ukungu unaweza kukununulisha sare?

Yote nimeyapima, huku na kule. Ila upande wa Fundi. Kila nikifika hapo nainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Jumapili, 9 Februari

Nimefika. Safari ya siku nzima, basi linapanda tu. Mahali fulani kila abiria akaanza kufunga dirisha, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiana. Nikajua tumevuka.

Wifi kanipokea stendi. Kaniangalia kandambili zangu, kaniangalia usoni. Wifi yangu, umekuja kuoka au kuogelea? Kanivua mtandio wangu mwepesi kaninyang'anya, kanifunika wake wa sufu. Kusema kweli ni mkarimu, ila mdomo wake hauna breki. Jikoni kwake kaniuliza waziwazi: kaka yangu atafanya nini huku? Atatengeneza nini, ukungu?

Ana friji. Kalifanya kabati la viatu.

Jumatatu, 10 Februari

Aibu!

Maji ya udhu alfajiri yalikuwa sindano tupu. Nimeswali meno yakigongana, Mungu anisamehe kama kuna herufi iliyoruka. Nikaingia bekari mpya na vijana wawili wa kunisaidia. Nikakunja mikono, nikasema, haya, leteni barafu.

Wakatazamana. Barafu, mama?

Kwetu tunakanda na maji ya barafu, hamira kidogo tu, la sivyo unga unaumuka na kumwagika kabla hujageuka. Ni mkono, si kichwa. Mkono umezoea. Kijana mmoja akasema kwa adabu sana, mama, ukitaka barafu tuweke beseni nje tusubiri. Nikacheka, na bado nikakanda kwa maji ya bomba vilevile, na hamira ileile ya kwetu! Maji ya bomba la huku ni barafu yenyewe.

Unga ukakaa. Saa moja, saa mbili. Nikaugusa, baridi kama shavu la maiti, astaghfirullah. Watu wakaja mlangoni kuulizia mkate, hakuna mkate. Nilipouoka kwa nguvu yakatoka matofali. Vijana wamekula moja kwa kunihurumia, na chai nyingi.

Jumanne, 11 Februari

Leo maji ya moto, hamira zaidi. Afadhali, lakini bado umechelewa. Hewa ndiyo adui. Unga unataka joto la kudumu na jengo lile lina sakafu ya saruji na dirisha moja halifungi.

Nikampigia Fundi. Kaniuliza kama daktari anavyomwuliza mgonjwa. Chumba kikubwa kiasi gani? Trei ngapi? Dari juu? Kisha nikasikia anakuna kidevu, ndevu zile fupi zinakwaruza kwenye simu. Kasema, tafuta friji mbovu lenye mpira mzima mlangoni. Weka ndani balbu ya zamani, ile inayounguza vidole, na bakuli la maji. Funga unga humo.

Nikasema, unga kwenye friji, Fundi? Kasema, friji halina akili ya baridi, bibie. Ni sanduku tu. Linashika unachoweka ndani.

Nimemwambia wifi atoe viatu.

Alhamisi, 13 Februari

Umeumuka! Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Jana tulilibeba friji watu wanne, mtaa mzima unashangaa, na wifi nyuma yetu analia viatu vyake. Leo alfajiri nimefungua ule mlango, joto likanijia usoni kama pumzi ya mtoto aliyelala, na unga umejaa mpaka ukingoni. Vijana wamepiga makofi. Saa mbili hapakuwa na mkate hata mmoja, watu wamenunua wote. Tajiri kapiga simu mwenyewe: nilijua, nilijua!

Nikampigia Fundi, nataka anicheke, nataka ajisifu. Kasema, vizuri. Kisha: mafundi friji wangapi umewaona huko?

Nimewatafuta, kweli. Nimezunguka mitaa mitatu. Nimempata mmoja. Bango lake kubwa, FRIJI NA VIYOYOZI, rangi imepauka. Mezani pana pasi na hita mbili. Anatengeneza pasi!

Nikamwambia Fundi, yupo mmoja, anatengeneza hita, na wewe unaweza. Kasema, miaka ishirini na tatu nimesomea baridi. Nianze kujifunza pasi? Si kwa ukali. Ningependa angekuwa mkali.

Jioni wifi katuliza mdomo kidogo. Kaniambia jirani yake, mwalimu, mume kabaki chini na kazi yake. Wanaonana sikukuu. Kodi mbili, sufuria mbili, nauli juu yake, na ile nyongeza ya mshahara imeishia barabarani. Nikamwambia, sisi hatutakuwa hivyo. Kasema, sijasema ninyi.

Jumamosi, 15 Februari

Nimerudi. Nilipoteremka basi joto limenikumbatia kama shangazi mnene, nikalia kidogo pale stendi, sijui kwa nini.

Simu ya Fundi haipoi. Wiki hii ya joto kali friji zinakufa kama kuku wa mdondo. Nimemfuata nikambebea begi la vyombo, nimetaka tu kuwa naye. Mtaani watu wanaita, Fundi! Fundi, mimi lini? Muuza soda karibu apige magoti. Tulikuwa tukienda kwake, Fundi akageuza njia. Kuna bibi mmoja dawa yake ya sukari inakaa kwenye friji na lilizima asubuhi. Muuza soda kalalamika, kaambiwa soda haifi.

Nilikaa kwenye kigoda cha yule bibi nikamtazama mume wangu. Kalala kifudifudi nyuma ya friji, tochi mkononi, anaongea nalo. Anaongea nalo kabisa! Haya mzee, amka, usinitie aibu. Likakoroma, likawaka. Bibi akamwombea dua ndefu, na yeye kainama kaipokea, vumbi kichwani.

Njiani nilitaka kusema, tusiende. Neno lilifika kwenye ulimi. Nikaikumbuka ada ya Kasuku ya mwaka kesho, nikalimeza.

Jumapili, 16 Februari

Nimeswali istikhara mara tatu sasa. Namwomba Mungu anionyeshe. Nimeota hamira. Usiku wote hamira, kopo linafurika, nafuta na nafuta. Nimemwuliza mama anayetusomesha darasa msikitini, kasema si lazima ndoto, Mungu hufungua njia au huifunga, wewe tazama. Natazama. Naona milango yote imerudishwa nusu.

Baada ya chakula Fundi kasema, nimefikiri. Mwambie tajiri ndiyo.

Hivihivi! Nikauliza, umefikiri vizuri? Vizuri. Na kazi yako? Mungu ndiye mtoaji. Nikamwuliza, kwa hiyo tunakwenda? Kasema, si nimeshasema ndiyo, bibie, unataka nipige ngoma?

Kasuku kapiga yowe la furaha mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nami nimecheka, nimeanza hata kutoa masufuria nione yapi yaende. Lakini kitu kinanikuna. Neno lake lilikuja upesi mno. Yule mtu hununua viberiti kwa mashauriano.

Jumatatu, 17 Februari

Tajiri kasema atapiga baada ya magharibi. Kutwa nimekanda kwa fujo. Nimesahau chumvi kwenye trei nzima, kwa mara ya kwanza.

Nimemkuta Fundi karudi mapema, kaoga, katulia kupita kiasi. Kitandani kuna mfuko. Kasema, fungua. Kapita soko la mitumba. Hapa kwetu masweta hayana mwenyewe, yamelundikwa kama takataka, mtu akiulizia anachekwa. Kachagua la rangi ya zambarau, zito, vifungo vyote vipo. La kwangu. Na lingine la kijani la Kasuku, kubwa kidogo, kasema atalikulia. Kasuku kalivaa hapohapo na joto hili, anazunguka nyumba jasho linamtiririka, hataki kulivua.

Nikatia mkono ndani ya mfuko. Nikaugeuza.

Nikasema, la kwako?

Kasema hakupata saizi.

Fundi! Mtu wa kimo cha kawaida, mabega ya kawaida, shati lolote la duka lolote linamkaa. Soko zima la masweta! Nikasema, hukupata saizi? Kasema, nitatafuta siku nyingine. Akaanza kumsifia Kasuku, geuka tuone, lo, umekuwa mzungu. Hakuniangalia. Nikamkumbuka yule mwalimu jirani wa wifi, na mume aliyebaki chini.

Nimetoa utepe wangu wa kupimia kwenye kopo la sindano. Nimemwambia, simama nikupime mabega, kesho naenda sokoni mwenyewe. Kacheka. Kaa, bibie, utapima baadaye. Nikasema, sasa hivi. Simama.

Simu imeita. Jina la tajiri limewaka pale mezani. Imeita mpaka ikakatika. Fundi kasema, pokea basi, mtu atakata tamaa. Nikasema, wewe simama kwanza. Kasuku kaacha kuzunguka, anatutazama huyu na huyu.

Naandika ili mkono usiikimbilie simu. Utepe uko shingoni mwangu. Simu inaita mara ya pili. Kaisogeza kwangu kwa kidole, polepole, mpaka imegusa kiwiko changu, na anasema pokea, mke wangu, tafadhali, pokea.

Bado amekaa.